Bei zako ziandike, usizifungie ndani ya picha

Wafanyabiashara wengi wanaonijia wakilalamika kwamba tovuti yao haionekani Google huwa wameshatoa fedha kwa mtu aliyewaahidi ukurasa wa kwanza ndani ya wiki. Mimi kwanza hufungua tovuti yenyewe. Mara nyingi nakuta bango zuri la rangi, lenye bei zote, namba ya simu na mahali duka lilipo, na chini yake hakuna hata sentensi moja. Kila kitu kimo ndani ya picha.

Google ina programu iitwayo Googlebot inayopita mtandaoni mchana na usiku, ikifuata viungo (linki) kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Ikifika kwako, inachotegemea zaidi ni maandishi. Inayasoma na kuyaingiza kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa ilizokwisha kuzisoma na maneno yaliyomo. Mteja akiandika “bei ya mabati geji 28 Mwanza”, Google haianzi kuzunguka intaneti nzima wakati huo. Inafungua faharasa iliyokwisha kuiandaa. Maneno hayo yasipokuwemo kwenye ukurasa wako, si rahisi uletwe, hata kama mabati umeyapanga mpaka barabarani.

Kwa hiyo andika: bei, saizi, mtaa, saa za kufungua, na kama unapeleka mzigo mpaka Sengerema. Tumia maneno ya mteja. Anayetafuta pa kupanga Mbagala huandika “chumba na sebule”. Sijaona anayeandika “makazi bora ya kisasa”. Halafu tazama kichwa cha ukurasa, yaani ule mstari unaobonyezwa kwenye matokeo. Tovuti nyingi zimeandikwa “Nyumbani” tu hapo. Weka bidhaa na mji. Picha ibaki, lakini ipe maelezo ya maneno, na uipunguze uzito, maana Google husoma ukurasa wako kama unavyofunguka kwenye simu, na mteja naye anahesabu bando.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, andika kwenye Google “site:” ikifuatwa na jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Kama hakuna kinachotokea, huenda hujaingizwa kabisa. Kwenye WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, katika mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi, kisha wanakabidhi kazi bila kukiondoa. Hilo nimelikuta mara nyingi kuliko tatizo lolote la kitaalamu.

Viungo navyo vina uzito. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, walikihesabu kiungo kutoka tovuti nyingine kuwa ushahidi kwamba ukurasa una thamani. Mwombe msambazaji wako akutaje kwenye tovuti yake. Viungo vya kununua viache: Google huweza kuzishusha tovuti zinazovitumia. Na anayekutoza kwa kujaza orodha ya maneno muhimu iliyofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, yaani maandishi ya kiufundi ambayo msomaji hayaoni, mkatalie; Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Jisajili Google Search Console, chombo cha Google cha kufuatilia tovuti yako kwenye matokeo yake; ni bure. Baada ya wiki kadhaa itakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika ukurasa wako ukatokea. Ukiona “bei ya misumari” imo, na misumari unauza lakini hukuiandikia ukurasa wake, uandike siku hiyohiyo.