Ukichagua Ngao ya Gari, Lala Chini Uangalie Nyuma Yake

Ngao yangu ya kwanza, yaani vile vyuma vinavyofungwa mbele kukinga pua ya gari, ilikuwa nzuri kuliko gari lenyewe. Mabomba ya inchi mbili yaliyong'arishwa hadi yakawaka juani kama sufuria mpya, taa nne za duara juu yake, na katikati fundi akachomelea jina la gari kwa herufi za kukata. Siku nilipotoka nayo gereji hapa Arusha niliendesha polepole kuliko kawaida, ili watu waione.

Miezi mitano baadaye, usiku, kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu, nikakuta punda amesimama katikati ya lami. Nilikwishakanyaga breki, sidhani nilimgusa kwa zaidi ya kilometa 30 kwa saa. Ngao haikupinda hata bomba moja. Ilirudi nyuma nzima nzima, kama mlango uliosukumwa, ikaibana rejeta mpaka ikakutana na feni. Punda akainuka akaenda zake akichechemea (asubuhi nilimtafuta mwenyewe tukaelewana). Mimi ndiye niliyelala pale, maji ya rejeta yakichuruzika chini ya gari.

Tulipoifungua tukakuta mzigo wote ule ulikuwa umeshikwa na bolti nne nyembamba kwenye vipande vya bati, navyo vimefungwa kwenye mashikio ya bampa. Hakuna kilichogusa chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Wazee walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi nilikuwa nimeununua mkakasi na kuuwekea taa.

Tangu siku hiyo nikiitwa kuangalia ngao sisimami mbele yake. Nalala chini ya gari na tochi. Mazungumzo na fundi huwa hivi:

"Fundi, hii imeshika wapi?"

"Imeshika, bosi, wewe usijali."

"Najua imeshika. Nionyeshe wapi."

Gari langu ni Land Cruiser 76, katika ukoo wa hizi tunazoziita mkonga. Mbele chesisi yake inaishia kwa vichwa viwili vyenye matundu ya kiwandani. Hapo ndipo ngao inatakiwa kushika, kwa breketi za pleti nene, angalau milimita sita, zinazolala ubavuni mwa chesisi na kufungwa kwa bolti zaidi ya moja kila upande. Angalia vichwa vya bolti: viwe vimepigwa muhuri wa 8.8 (namba ya uimara wa bolti) au zaidi. Bolti isiyo na namba ni ya kufungia kitanda. Fundi akikuambia atachomelea breketi moja kwa moja kwenye chesisi, mshukuru uondoke. Moto hubadilisha chuma pembeni mwa mchomeleo, ufa huanzia hapo hapo, na siku rejeta ikihitaji kutolewa itabidi ukate. Hata kuchomelea breketi ikiwa imeshikizwa kwenye gari si kitu cha kufanya bila kutoa waya za betri kwanza.

Hapa niwatenge wenye magari mapya kidogo. Kama kwenye usukani wako yameandikwa maneno SRS AIRBAG, ushauri wangu wa kwenda kwa fundi wa mtaani unaishia hapo. Kuna vifaa vinavyosoma mshtuko wa ajali na kuamua mfuko wa hewa ufumuke au usifumuke, na pua ya gari imetengenezwa ijikunje kwa namna fulani. Ukiweka mbele yake chuma kisichokubali kukunjika, hesabu hiyo inavurugika. Kwa Prado ya namna hiyo nunua ngao iliyopimwa kwa modeli yako hasa. ARB ya Australia wamekuwa kwenye kazi hii tangu 1975, na wapo wengine. Bei yake itakuuma, lakini katika jambo hili sina njia ya mkato ya kukupa.

Ngao yangu ya pili nilikosea upande wa pili. Kwa hasira za punda nikaagiza pleti ya milimita tano kila mahali, na winchi, mashine ya kamba ya kulivuta gari lililokwama, juu yake. Ilibebwa na vijana wanne. Jumla, pamoja na winchi, ilipita kilo 100, na kosa ni kudhani kilo 100 ni kilo 100. Mzigo ukining'inia mbele ya ekseli (mhimili wa magurudumu) unafanya kazi kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya ubao wa bembea. Kwenye 76 umbali kati ya ekseli mbili ni mita 2.73, ukiweka kilo 100 sentimita 80 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli hiyo inabeba karibu kilo 130, kwa sababu ile ya nyuma inapunguziwa karibu 30. Niliyaona matokeo bila mahesabu: pua imeinama, taa kubwa zinamulika lami ya karibu, springi zinagonga kwenye kila shimo, na mkia wa gari mwepesi kwenye kona za vumbi. Nikanunua springi nzito za mbele, gharama ambayo hakuna aliyenitajia wakati wa kuagiza.

Kwa hiyo kabla ngao haijafungwa, ipelekeni kwenye mizani ya gunia. Wauza mahindi wanazo, na watacheka, lakini watapima. Milimita tatu zinatosha kwa mwili wa ngao. Unene uwekwe kwenye breketi na kwenye kitako cha winchi tu. Alumini ni nyepesi kweli, ila ikipasuka porini kule Engaruka, fundi mwenye mashine ya kawaida ya kuchomelea chuma hataweza kukusaidia.

Winchi yenyewe, kama huna safari za peke yako kwenye tope jeusi, iache. Mimi nafunga na kutengeneza pampu za maji vijijini, nimeitumia mara tatu kwa miaka minne. Ukiitaka, chukua yenye nguvu ya mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakiwa. Gari la tani tatu ni winchi ya tani nne na nusu hivi, zile zilizoandikwa paundi 9,500 au 10,000. Na kumbuka nguvu zote hizo zinapita kwenye breketi zile zile tulizokuwa tunazimulika kwa tochi. Ngao iliyofungwa kwenye bampa ikivutwa na winchi itang'oka na kurushwa.

Njia ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Selela na Engaruka hadi Ziwa Natron inakata makorongo mengi, na korongo ndilo linalokufundisha umbo la ngao. Ile ya kwanza ilikuwa na bomba la chini linaloshuka chini ya bampa, likawa linachimba ukingo wa kila korongo kama jembe. Omba pembe za chini zikatwe ziinuke kuelekea magurudumu, ili tairi liguse mteremko kabla ya chuma. Acha pia nafasi ya hewa mbele ya rejeta. Taa kubwa za duara zilizopangwa mbele ya shoo, pale hewa inapoingilia, zinapendeza kwenye picha, lakini mchana wa jua kali, gari likipanda mlima na mzigo, mshale wa joto utakueleza maoni yake. Ukipita kwenye majani marefu funga wavu mwepesi wa kuzuia mbegu, na uupukute kila ukisimama.

Kuna na wale tunaopishana nao. Ncha za waya, kona kali, vyuma vilivyochomoza: ukimgonga mwendesha bodaboda hata kwa mwendo mdogo, hivyo ndivyo vitakavyomfikia kwanza. Umoja wa Ulaya uliweka masharti ya ngao mwaka 2005 kwa sababu hiyo. Mwambie fundi akunje kila ukingo. Asizibe namba wala indiketa, ili uepuke porojo na trafiki.

Rangi ni ya mwisho, na nina maana ya mwisho kabisa. Nenda gereji ukaione ngao ikiwa chuma kitupu, maana puti na rangi nyeusi huficha michomeleo yenye matundu. Omba uone kipande cha bomba kilichobaki, upime unene wake kwa venia, kile kipimo cha taya mbili. Mabomba ya samani na ya chuma kinene yakishapakwa rangi yanafanana kama mapacha.

Ikishafungwa, peleka gari lirekebishwe taa. Kisha baada ya kilometa 500 za kwanza za vumbi na mawimbi ya barabara, kaza bolti zote upya. Mimi huchora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye pleti, ili nikichungulia tu nijue nati gani imetembea. Mara ya mwisho niliporudi kutoka Ngaresero, kule Ziwa Natron, mistari miwili kati ya minane ilikuwa imeachana.