Mikoko ya wanafunzi wangu imekufa, niwaambie nini?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa darasa la sita katika mwambao wa Tanga. Mwaka jana klabu yetu ya mazingira ilipanda miche 300 ya mkoko ufukweni mbele ya wageni, lakini baada ya msimu wa kusi iliyosalia haikufika 20. Sasa kila nikifundisha mabadiliko ya tabianchi, wanafunzi huniuliza tulipanda kwa faida gani. Niwajibu nini?

JIBU: Mwalimu, swali lao lina uzito kuliko hotuba zote za siku ile, wala usilikwepe. Warudishe mahali palepale siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali, wakiwa na daftari na kamba ya kupimia, wachunguze wenyewe miche ilikufa wapi na iliyopona imesimama wapi: kwenye mchanga au kwenye tope, penye mawimbi au penye utulivu, na maji yakijaa huifunika kwa kina gani.

Mikoko haioti kiholela; ina aina kadhaa, na kila aina ina mahali pake. Kwa kawaida mlilana ndio unaotangulia upande wa bahari, mkoko wenyewe hufuata nyuma yake penye tope laini, kisha mkandaa kuelekea nchi kavu, ilhali mchu, unaostahimili chumvi nyingi, huonekana hata pembezoni kabisa. Sisi watu wazima hupendelea mkoko kwa sababu mbegu zake ndefu, zinazoanza kuota zingali mtini, ni rahisi kuokota na kuchomeka, na mara nyingi tunazichomeka kwenye mchanga wazi unaopigwa na mawimbi. Sijaiona sehemu yenu, lakini ningeanzia hapo kutafuta sababu. Tena, penye miti mama karibu na maji yanayoingia na kutoka bila kizuizi, mikoko hujiotea yenyewe, na kazi ya watoto huwa kuwazuia mbuzi na kuhesabu machipukizi, kazi ambayo hakuna mgeni anayekuja kuipiga picha.

Ndipo uingie kwenye tabianchi. Tope la mikoko halina hewa ya kutosha, hivyo majani na mizizi huoza polepole mno na kaboni yake hubaki ardhini kwa karne nyingi. Msitu ukikatwa na tope likavurugwa, kaboni hiyo hurudi angani ikiwa hewa ukaa. Huko Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanakijiji wanaujua ukweli huu kwa vitendo: tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117, na fedha za biashara ya kaboni, yaani malipo ya wanaotaka kufidia hewa ukaa wanayoitoa, zimesaidia kupata maji na vitabu vya shule.

Jambo moja nakusihi: watoto wasije wakaamini kwamba bahari inapanda kwa sababu ya mkaa wa mama zao. Mkaa unamaliza misitu yetu, hilo ni kweli, lakini joto la dunia limeongezwa zaidi na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa na nchi zenye viwanda, na Afrika nzima leo hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa inayotokana na nishati hizo. Miche yao haitalibadili hilo. Itakachofanya ni kupunguza nguvu ya mawimbi kijijini na kuwapa kamba na samaki wachanga mahali pa kukulia, na faida hiyo mwanao wa darasa la sita anaielewa vizuri.

Mkipanda tena, pandeni miche 30 tu, kumikumi katika sehemu tatu tofauti, na daftari la hesabu libaki darasani ili watakaoingia darasa la sita mwakani waendelee kuhesabu.