Mama aambiwe kwanza, kalamu baadaye

Anti shikamoo. Dadangu alikua anafanya kazi za nyumba Riyadh, huu mwaka wa pili. Wiki tatu zilizopita ajenti akatupigia eti amefariki usingizini. Mara tunaambiwa tuchange laki nne na nusu ndo mwili uje, mara baba mdogo anaitwa ofisini asaini karatasi ya Kiarabu azikwe hukohuko yaishe. Dada hakuolewa, baba alishafariki, mama yuko Kaloleni na mtoto wa marehemu, miaka 6. Tumemwambia dada amelazwa na wodini simu haziruhusiwi. Mimi ndo nilimpeleka kwa ajenti, hata pasipoti nililipia mimi. Silali anti. Kaka mtu, Mombasa.

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikisoma nakwama palepale, si kwenye pesa, kwa mama. Wiki tatu! Kila jioni anabonyeza ile namba anaambiwa mteja hapatikani, halafu nyinyi watu wazima na ndevu zenu mnamwambia wodini hawaruhusu simu, unadhani hajajua? Anajua. Amenyamaza tu manake nyinyi ndo mlianza kunyamaza.

Na kuna jambo nadhani hamjaliona. Dada hana mume, baba hayuko, mtoto mdogo. Mwenye huyo maiti ni mama. Ubalozi wetu Riyadh ukianza kushughulika utataka karatasi ya uwakili kutoka kwa mtu wa karibu wa marehemu, na wa karibu hapo ni nani kama si yeye? Kwa hiyo huko kumficha hata mkitaka kuendelea mtafika mahali mtakwama, labda mumsainishe kwa uongo na hilo Mungu awaepushe.

Ndo maana nasema baba mdogo asiguse kalamu. Hata kidogo. Hiyo karatasi ombeni nakala, na Mombasa hii imejaa maustadhi wanaosoma Kiarabu kama gazeti, mmoja akae nayo dakika kumi awaambie imeandikwa nini, manake kukubali azikwe kule ni jambo moja na kusema familia haina dai lolote ni jambo lingine kabisa, na yote mawili yanaweza kukaa kwenye ukurasa mmoja. Mimi sisemi kuzikwa ugenini ni vibaya, majirani zangu Waislamu kijana wao alifia kule wakakubali azikwe upesi, na huku nyumbani wakamswalia swala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali, na mama yake roho ikatulia. Lakini yule mama aliulizwa. Wako hajaulizwa.

Haya, pesa. Kabla ya kumpa ajenti hata shilingi tafuta kontrakti ya dada, kama huna mwambie ajenti akutumie leo kwenye simu. Kontrakti nyingi za kazi za ndani Saudia zina kipengele kinachosema mfanyakazi akifa ni bosi anayegharimia kusafirisha mwili na vitu vyake, na siku hizi zinapitia ile sistimu yao ya mtandaoni ya kuajiri, Musaned, kwa hiyo rekodi iko, uliza pia kama kulikua na bima. Sasa hiyo laki nne na nusu ni ya nini? Akuandikie kwenye karatasi: jeneza kiasi gani, dawa ya mwili kiasi gani, ndege kiasi gani, na nani analipwa. Akianza kukasirika ujue umeuliza swali zuri. Mchango endeleeni nao lakini pesa zikae kwenu, mtazihitaji, gari kutoka Nairobi, mochari, matanga yenyewe.

Kesi ipelekeni kwa idara ya diaspora iliyo chini ya wizara ya mambo ya nje, na muiandike, msipige simu tu. Jina kamili, namba ya pasipoti, jina la bosi, jina la ajenti. Muulize polisi wa kule wamesema nini, kwa sababu bila wao kuruhusu na bila karatasi ya kutoka nchini mwili hauondoki hata kama pesa zipo mezani, hapo ndo wiki zinapotelea. Na kumbuka wenzetu wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, yetu Jumamosi na Jumapili, siku ambazo ofisi za pande zote mbili ziko wazi ni nne tu, ukilala Jumatatu umeshapoteza robo.

"Amefariki usingizini" mimi simezi hivihivi, wala sisemi kuna mtu kamuua, sijui. Ombeni ripoti ya hospitali na ya polisi, na mwili ukifika daktari wa maiti auone kabla ya mazishi, msizike halafu ndo muanze kuuliza manake kufukua kaburi ni mpaka korti. Ile dawa wanayotia ili mwili usafiri huharibu baadhi ya vipimo, vya sumu hasa, kwa hiyo daktari muwekeni tayari mapema.

Halafu siku mwili unafika, pale uwanja wa ndege nendeni upande wa mizigo. Nakwambia kwa sababu nilisindikiza jirani hapo Nairobi tukasimama kule wanakotokea abiria, watu wanapokea wageni na maua, sisi na leso zetu, saa nzima, mpaka askari mmoja akatuonea huruma akatuelekeza. Pia mdai sanduku lake na simu yake na mshahara uliobaki, hivyo huwa vinasahaulika kwenye kilio, na mtoto akikua atauliza mama yake aliacha nini.

Kuhusu wewe kumpeleka kwa ajenti, sitakudanganya kwamba utaamka siku moja halijakuuma. Lakini ulilipia pasipoti, hukulipia kifo, na yeye alikua mtu mzima mwenye mtoto wa kulisha, alienda kwa miguu yake.

Kwa hiyo leo, si Jumamosi, leo, panda matatu ya Mariakani ushuke pale uunganishe ya Kaloleni. Usiende peke yako, mchukue shangazi au mama mmoja wa kanisani anayemheshimu, na mtoto apelekwe kwa jirani kwanza. Usianze na habari za ajenti wala laki nne. Keti chini mkekani alipo, umshike mkono, umtaje dada kwa jina, umwambie hayupo tena. Alie. Ndugu zako wakipiga wasubiri, zima simu.

Akishanyamaza ndo umuulize anataka mwanawe alazwe wapi.