Wajukuu Wanakuja Likizo: Jajja Mwenye Presha na Sukari Ajipange Vipi

Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, wajukuu hupakiwa kwenye teksi na mabasi wakaenda kwa jajja, yaani bibi au babu, kote Uganda: Bombo, Jinja, Tororo, Arua. Nyumba hujaa, na mzee hufurahi kwelikweli. Lakini kwa mwenye presha na sukari, wiki hizo ndizo dawa huvurugika. Watu wengi hulaumu soda na keki. Sisi tunaona saa ndizo zinazoumiza zaidi. Mzee aliyezoea chai saa moja asubuhi, chakula saa sita na nusu na kulala saa tatu usiku, sasa anafuata saa za wageni, na hataki kusema kitu kwa sababu anaogopa kuonekana msumbufu.

Tazama siku ya sherehe inavyokwenda. Asubuhi jajja amemeza dawa ya sukari na kunywa chai ya haraka. Matoke yako jikoni ndani ya majani ya mgomba, mbuzi amechelewa kuchinjwa, wageni wa Kampala wako njiani, hotuba hazijaanza. Sahani inamfikia saa tisa au saa kumi. Insulini na vidonge kama glibenklamidi havingoji hotuba ziishe. Vinaendelea kushusha sukari ikiwa tumbo lina kitu au halina. Huanza jasho la baridi, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio. Baadaye maneno yanachanganyika, au mzee mpole anakuwa mkali bila sababu. Familia inasema, "Jajja amechoka, mpelekeni alale." Hapo ndipo mtu hupotelea usingizini.

Kwa hiyo siku ya sherehe jajja apakuliwe mapema, saa yake ya kawaida, hata kama wageni hawajafika. Hiyo si kukosa adabu. Mtu mmoja ateuliwe kwa jina tangu asubuhi, binti au mkaza mwana, ahakikishe sahani imetoka. Ikishindikana kabisa, mkobani mwake kuwe na ndizi mbivu au kipande cha muhogo wa kuchemsha cha kumsogeza.

Sukari ikishuka, kifaa cha kupimia sukari kikisoma chini ya 4, au chini ya 70 kwa vile vinavyotumia kipimo kingine, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji anywe. Nusu ya chupa ya soda ya mililita 300 inatosha pia, ila iwe soda ya kawaida. Isiyo na sukari haisaidii hapa. Keki na chokoleti zina mafuta, zinachelewa kufika kwenye damu. Subirini dakika 15, mpime tena, na ikiwa bado iko chini mrudie kiasi kilekile. Ikipanda, ale chakula kamili. Kama hakuna kifaa, mpeni sukari bila kungoja kupima. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni: mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Na kwa anayetumia glibenklamidi, apelekwe kituo cha afya hata akipata nafuu, maana dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena usiku. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haiwafai waliopita miaka 60. Kama jajja wako bado anaimeza, ulizeni kliniki kuhusu dawa nyingine kabla ya likizo, lakini asiiache mwenyewe.

Dawa hizohizo ni hatari kwa watoto. Kidonge kimoja cha glibenklamidi kinaweza kumshusha sukari mtoto wa miaka miwili hadi kumuua, na vidonge vya presha navyo si vya kuchezea. Jajja wengi huvifunga kwenye pindo la leso, huviacha chini ya mto au kwenye mfuko wa plastiki juu ya meza. Kabla wajukuu hawajafika, hamishia kila kitu ndani ya boksi lenye kufuli, juu ya kabati. Usimwambie mtoto kuwa dawa ni peremende ili akubali kumeza yake. Mtoto akikutwa na kidonge mdomoni, nendeni hospitali papo hapo na pakiti mkononi, hata kama anacheza vizuri.

Kupima presha katika nyumba yenye kelele kunadanganya. Mzee anakaa, mjukuu yuko mapajani, anajibu maswali huku mkanda ukijaa hewa, na namba inapanda kwa sababu ya maongezi tu. Akojoe kwanza, akae dakika tano ameegemea, nyayo sakafuni, miguu isipishane. Mkanda uvaliwe kwenye ngozi, si juu ya sweta, na mkono ulale mezani usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Pimeni mara mbili, katikati mpumzike dakika moja. Kazi hii inamfaa sana mjukuu wa miaka kumi au zaidi: yeye ndiye anyamazishe wenzake, asome namba na kuiandika kwenye daftari. Jioni achukue tochi aangalie nyayo za jajja na katikati ya vidole, maana mwenye sukari anaweza kukanyaga msumari au kifaa cha kuchezea asihisi. Watoto wanaipenda kazi hiyo kuliko tunavyodhani, na jajja anapata nusu saa ya peke yake na mjukuu mmoja.

Mezani, chakula kile kile cha wote kinatosha. Nusu ya sahani iwe mboga za majani kama nakati, dodo au sukuma, robo posho (ugali) au matoke kiasi cha ngumi yake, robo maharage, samaki au nyama. Chumvi ya siku nzima isipite kijiko kimoja cha chai, na viungo vya pakiti vihesabiwe humo, kwa kuwa vimejaa chumvi. Rolex ya barabarani, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, wajukuu wanaweza kumgawia kipande.

Asubuhi ndiyo saa nzuri ya matembezi pamoja, dakika 20 hadi 30 shambani, kwa mwendo unaomruhusu kuongea. Kumbeba mtoto mgongoni na kuinuka ghafla kutoka mkekani ni kosa kwa anayetumia dawa za presha: damu inachelewa kupanda kichwani, wanaanguka wote wawili. Akae kwanza kitako dakika moja, kisha asimame akishika kitu, ndipo apewe mtoto.

Wenye vidonge vya kukojoza huviacha siku ya safari kwa kuogopa basi lisilosimama. Muulize daktari kama unaweza kusogeza saa ya kumeza. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa mpigo. Tarehe ya kuchukua dawa ikiangukia Krismasi, zifuate wiki moja kabla.

Mwisho, watoto wakubwa waambiwe ukweli, na namba ya bodaboda mnayemwamini iandikwe ukutani, pamoja na jina la hospitali inayofanya kazi usiku. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakikwama, au presha ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kinachouma vibaya au kukosa pumzi, tafuteni gari mara moja. Bodaboda atumike kwenda kuliita. Mgonjwa aliyelegea hakai juu ya pikipiki.