Jibu: Kwa nini rangi ya kocha wa NFL hutajwa kila mara?

Mkuu, umeuliza kwa nini wanahabari wa Marekani hutaja rangi ya kocha wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kila anapoajiriwa, wakati kinachotakiwa ni ushindi. Hutaja kwa sababu ajira zenyewe hazijawahi kufuata ushindi peke yake. Fritz Pollard, mtu mweusi, alikuwa kocha mkuu mwaka 1921. Ligi ikakaa mpaka 1989 ndipo klabu ya Raiders ikamkabidhi timu mweusi mwingine, Art Shell. Zaidi ya miaka sitini!

Kanuni ya Rooney ya 2003 ililazimisha timu kumsaili angalau mgombea mmoja asiye mzungu. Nzuri, lakini usaili unaweza kuwa wa kutimiza masharti tu. Hilo ndilo dai la Brian Flores, kocha mweusi, katika kesi aliyofungua Februari 2022: alisema ujumbe wa simu wa Bill Belichick, kocha wa timu ya Patriots wakati huo, uliotumwa kwake kimakosa kabla hajasailiwa, ndio uliomjulisha kuwa timu ya Giants ilishamchagua mwingine. Giants walikanusha.

Ninachowalaumu wanahabari ni kwamba hupiga kelele siku ya uteuzi, kisha kimya. Makocha wakuu wengi hutoka kwa wasaidizi wanaosimamia mashambulizi, na huko ndiko weusi wamekuwa wachache muda wote. Waandike hayo pia.