Usimwulize kama ameipenda

Mwonyeshe mama mtu mzima programu ya simu uliyoitengeneza, kisha mwulize ameionaje. Atakwambia, "Nzuri sana mwanangu, Mungu akuzidishie." Hapo hujapata jibu, umepata dua. Itikia amina, ila usiiandike kwenye ripoti.

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi watu wanavyotumia simu na kompyuta, hasa huduma za pesa, hapa Dar es Salaam. Vijana wanaotengeneza programu huniuliza waandae maswali gani kwa ajili ya watumiaji. Nawaambia wapunguze maswali, watazame mikono.

Si kwamba watu ni waongo. Mgeni kaja na kitu chake, umemkaribisha kwenye mkeka, umkosoe usoni? Tena si sisi tu. Mwaka 2012 mtafiti Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Bangalore, India, wa mahojiano 450. Watu waliwekewa vitu viwili vya kuchagua, wakaambiwa kimoja ni cha huyu anayewahoji. Vitu vyenyewe vilikuwa sawasawa kabisa, lakini cha mwulizaji kilipendwa mara mbili na nusu zaidi ya kile kingine. Mwulizaji alipokuwa mgeni kutoka nje aliyekuja na mkalimani, ikawa mara tano. Kwa hiyo kama programu umeitengeneza wewe, mtume mwenzako akafanye hiyo kazi, na asijitambulishe kama mwenye mali.

Badala ya swali, toa kazi ya kufanya. "Mama, mtumie mwanao shilingi 10,000 na ya kutolea." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, maana kidole kinapozunguka juu ya kioo bila kujua pa kutua, ulimi unakuwasha useme "bonyeza hapo kulia." Usiseme. Andika kidole kilisimama wapi, alirudi nyuma baada ya kuona neno gani, na wapi alianza upya toka mwanzo.

Hiyo "ya kutolea" nimeitaja makusudi. Mtu anayetuma pesa kwa ndugu huongeza makato ya wakala ili kule zifike kamili. Nimeona watu wakisimamisha muamala katikati, wakatafuta karatasi ya viwango iliyobandikwa ukutani kwa wakala, wakajumlisha kwa kichwa, ndipo wakaanza tena. Ukiwauliza kama wana shida yoyote ya kutuma pesa, watasema hawana, na kweli kwao hiyo si shida, ndivyo pesa inavyotumwa. Utaiona tu ukiwa umekaa pembeni.

Vitabu vya fani hii vinashauri umwombe mtumiaji aseme kwa sauti anachokiwaza. Kwetu, mtu mzima kuongea peke yake mbele ya kijana mwenye daftari ni kumtia aibu. Mimi hukalisha marafiki wawili na simu moja. Watabishana wenyewe: "Usibonyeze hapo, itakata!" "Si imeandikwa endelea?" Mwanaanthropolojia Lucy Suchman alifanya kitu cha namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, akirekodi video za watu wawiliwawili wakihangaika na mashine ya kutoa nakala. Miongoni mwao walikuwamo Allen Newell na Ron Kaplan, wanasayansi wa kompyuta wenye majina makubwa, na mashine ikawatoa jasho. Nawakumbusha hilo wanaosema tatizo ni elimu ya watumiaji.

Mfuate mtu anakoishi au anakofanyia kazi, na atumie simu yake mwenyewe: kioo kina ufa, mwanga umepunguzwa ili chaji ikae, nafasi imejaa video za magrupu, bando limekwisha. Simu mpya utakayomwazima itaficha yote hayo. Angalia pia nani mwingine huishika. Wazee wengi humpa mjukuu au wakala afanye, namba ya siri wakaitaja palepale, na hapo mtumiaji wako ni watu wawili. Inapofika namba ya siri geuza uso, usirekodi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, adabu inatosha. Na ile 10,000 iwe yako, si yake.

Kuhusu idadi ya watu wa kuwatazama, Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuibua sehemu kubwa ya kasoro. Nakubali, mradi wawe wa aina moja. Wafanyabiashara watano wa Kariakoo hawatakueleza yanayomsibu mvuvi wa Kilwa. Rekebisha, kisha tafuta watano wengine.

Nauli na malipo ya muda wake mpe kabla hamjaanza, ajue hayategemei sifa atakazokumwagia. Ukitaka kuuliza swali moja mwishoni, uliza hivi: "Ukimfundisha jirani yako kutumia hii, utamwambia ajihadhari na nini?" Hapo hakukosoi wewe, anamlinda jirani, na atazungumza mpaka daftari lijae.