Unaposa Buganda? Ulizia miiko kabla ya mahari

Wengi wanaoposa kwa Waganda hushughulika na kanzu, gomesi (vazi refu la wanawake) na mahari, miiko wakaiacha hadi siku yenyewe ya kwanjula, yaani ya kujitambulisha rasmi kwa wakwe. Ni kupanga kinyume. Mahari ikipungua mnazungumza. Mwiko ukivunjwa, mazungumzo yanaweza kuishia hapo hapo.

La kwanza ni kika, yaani ukoo, na liulizwe kabla barua haijaandikwa. Muganda haoi ndani ya kika chake wala kika cha mama yake. Hilo ni kivve, yaani chukizo, na ndilo zito kuliko mengine yote. Mposaji asiye Muganda hujiona yuko salama, kumbe mama yake ni Muganda. Usikisie kika kwa majina: Wasswa, Kato, Babirye na Nakato ni majina ya mapacha, yako kila kika. Wala usiridhike na jibu la "Ngabi" tupu, maana Ngabi Nsamba na Ngabi Ennyunga ni vika viwili. Wa kuulizwa ni ssenga, shangazi wa binti, na wakati wake ni pale mnapokwenda kukyala, yaani kumtembelea kabla ya kwanjula.

Siku ya kujitambulisha, Muganda hutaja jina lake, baba, babu, kisha hupanda ngazi za ukoo, kuanzia tawi dogo hadi kubwa: luggya, lunyiriri, mutuba, ssiga, hadi mkuu wa kika. Kama huna kika, taja baba, babu na kwenu, basi. Usijibandike kika cha rafiki. Wazee watakuuliza ssiga lako na utakwama.

Sasa chakula, ambako wageni ndiko wanakojikwaa zaidi. Kila kika kina muziro wake, yaani mnyama au mmea wa mwiko, na wenye kika hawauui wala hawauli. Wenye Njovu au Ngo hawakupi shida, nani apike tembo au chui? Shida iko kwenye vitu vya sokoni: wa Butiko hali uyoga, wa Mpindi hali kunde, wa Nsenene hagusi senene hata msimu wake ukifika. Tena Mmamba si yule mamba wa mtoni mwenye meno. Ni samaki, kamongo. Ukimtumia mkwe wa kika hicho kamongo mkavu kutoka ziwani umemtukana bila kujua. Mbali na muziro kuna akabbiro, muziro wa pili, kwa hiyo uliza vyote viwili. Kukiwa na Waislamu, ng'ombe achinjwe na Mwislamu na nguruwe asikaribie sufuria zao.

Halafu obuko, yaani mwiko kati ya mkwe na mama mkwe. Hampeani mikono, hamkumbatiani, hamkai kiti kwa kiti, hamli sahani moja. Wazee husema anayeuvunja hupatwa na ugonjwa wa kutetemeka, nao pia huitwa obuko. (Mzee anayetetemeka apelekwe hospitali hata hivyo.) Msalimie ukiwa mbali kidogo. Gomesi yake ipelekwe na dada yako, si wewe. Anayeharibu mara nyingi ni mpiga picha: "Sogeeni, sogeeni!" Mwambie mapema kwamba picha ya bwana harusi na mama mkwe iwe na watu katikati. Usafiri pia: usimpakie kiti cha mbele kando yako.

Wanawake wa msafara wavae gomesi au nguo ndefu, wapige magoti wakisalimia, wakae mkekani miguu ikiwa imekunjwa upande mmoja. Asiruke mtu miguu ya mwenzake.

Jogoo anayepewa muko, yaani kaka wa binti, lazima awe hai. Akifungiwa kwenye buti la gari juani hufika amekufa, na hapo utatafuta mwingine kijijini kwa bei ya mwenye jogoo. Mbebe kwenye kikapu cha wazi, ndani ya gari.

Mwisho, yale ambayo sheria yenyewe inakataza. Binti awe ametimiza miaka 18, ndivyo Katiba ya Uganda ya 1995 inavyosema. Na tangu 2015 Mahakama ya Juu ilishaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Kifungu cha namna hiyo kisiingie kwenye barua, hata kama mzee wa upande wenu anakishikilia.